Utambi Ndio Wenye Kauli

Anayetaka kutengeneza mishumaa nyumbani karibu kila mara huanza na harufu. Ananusa vanila, ananusa mrujuani, anaiona sebule yake imebadilika. Halafu anatafuta bilauri nzuri, halafu nta, na utambi anachukua wowote uliokuja ndani ya pakiti. Mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu. Mshumaa unaoungua vizuri huanza na joto la mahali utakapokaa. Joto likachagua nta, nta ikachagua utambi, na harufu ikaja mwisho kwa masharti ya hao waliotangulia. Wa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ana sababu ya ziada ya kulizingatia hili, kwa kuwa maelekezo mengi yanayozunguka yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hawajawahi kuhifadhi nta mwezi wa Februari pwani.

Chukua mafuta ya nazi. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Njombe mwezi wa Julai yanaganda kabatini hadi uiloweke chupa kwenye maji ya moto ndipo yatoke. Dar es Salaam mwezi wa Februari, mchana ukigonga nyuzi 32, yanamiminika saa zote. Kipimo kinachosema nusu nazi, nusu nta ya nyuki kitampa wa Njombe mshumaa wa kuridhisha, na wa Dar kitampa kitu laini kinachobakiza alama ya kidole kila kinapoguswa. Pwani nisingevuka sehemu moja ya nazi kwa sehemu nne za nta ya nyuki. Hata hiyo moja naiweka kwa sababu mbili tu: inapunguza ugumu wa nta isipasuke inapopoa, na inaisaidia kushikamana na ukuta wa bilauri.

Nta ya soya, ambayo ndiyo inayotangazwa zaidi siku hizi, ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani kwa kuongezewa haidrojeni. Ilianza kuvuma Marekani miaka ya 1990. Aina zinazokusudiwa mishumaa ya bilauri huyeyuka kwenye nyuzi 46 hadi 54 hivi, kwa hiyo mezani inatulia vizuri hata pwani. Kasheshe iko safarini. Gari lililoachwa juani Kariakoo linaweza kupita nyuzi 50 kwa ndani, na mteja anafungua boksi lake anakuta nta imehamia upande mmoja, utambi umelala. Anayepeleka mzigo kwa bodaboda apeleke asubuhi au jioni. Soya ina tabia nyingine pia: baada ya siku kadhaa hutanda ukungu mweupe juu na kandokando, ambao ni fuwele za mafuta yenyewe. Hauathiri uunguaji. Ila kwenye mshumaa uliotiwa rangi nyekundu au buluu unaonekana vibaya sana, na dawa yake ni kuacha kutia rangi. Soya nyeupe ibaki nyeupe.

Parafini ndiyo mshumaa wa dukani, ule tunaoupapasa gizani umeme ukikatika. Mwaka 1850 Mskoti James Young alipata hataza ya kuitoa kwenye makaa ya mawe. Siku hizi inatokana na usafishaji wa mafuta ghafi ya petroli. Imepakwa matope kupita kiasi. Wauzaji wa mishumaa ya asili husema parafini hutoa masizi na wao hawatoi, lakini masizi huja pale mwali unapopelekewa nta nyingi kuliko hewa inayoweza kuiteketeza, yaani utambi ni mnene, au umerefuka, au feni inapuliza. Mshumaa wa nta ya nyuki wenye utambi usiofaa utachafua ukuta vilevile. Kwa anayejifunza, parafini ina faida kubwa: ni rahisi, inabeba harufu bila kisirani, na haina tabia za kushtukiza. Ujaribu tambi zako kwanza kwa nta ya bei nafuu, kisha ndipo uiguse nta ya nyuki ya Tabora.

Nta hiyo ya Tabora inastahili maneno mengi zaidi. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa nta ya nyuki barani Afrika, na sehemu kubwa inatoka kwenye misitu ya miyombo ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida. Imekuwa ikiuzwa nje tangu enzi za Wajerumani. Inaondoka hapa kwenda kwa watengenezaji wa vipodozi na mishumaa wa ng'ambo, huku watengenezaji wetu wakiagiza soya kwa meli. Biashara ina vichekesho vyake.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo jua la pwani haliipati. Ukiinunua kwa mfugaji badala ya duka la vipodozi, inakuja na mambo yake yote: asali iliyobaki, chavua, ngozi za majana, vipande vya magome ya mzinga, na mara nyingi harufu ya moshi wa kufukuzia nyuki. Yaoshe masega kwa maji ya baridi asali itoke. Yatie kwenye mfuko wa kitambaa, ufunge, uuzamishe kwenye sufuria la maji, uweke moto mdogo. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Maji ya kisima yenye chokaa huiharibu nta ikawa na utelezi wa kijivu usiotengana na maji. Usiruhusu yachemke. Nta itajipenyeza kwenye kitambaa na kuelea juu, ya manjano na inang'aa, na mfuko utabaki na makapi meusi. Funika sufuria, lizungushie taulo, uache usiku kucha ili ipoe polepole. Asubuhi unainua kigae kizima cha nta. Ukikigeuza unakuta chini yake limeng'ang'ania tabaka la kahawia, laini kiasi cha kukwanguka kwa ukucha. Lipare lote kwa kisu, kisha uyeyushe tena na kuchuja kwa kitambaa safi. Tumia sufuria la alumini au la chuma kisichoshika kutu. Shaba na chuma cha kawaida huibadilisha rangi, na joto likipita nyuzi 85 nta inaanza kufifia rangi na kupoteza harufu yake.

Harufu hiyo si jambo dogo. Nta iliyosafishwa nyumbani inabaki na asali yake na moshi kidogo, na itagombana na vanila yoyote utakayoiletea. Ni bora kuchagua manukato yanayokaa nayo vizuri kuliko kuipausha.

Tuje kwenye utambi. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alitumia mshumaa kuwa somo la mfululizo mzima wa mihadhara kwa vijana katika Royal Institution jijini London, sikukuu za Krismasi za mwaka 1860 kuingia 1861. Jaribio lake moja unaweza kulirudia leo usiku. Zima mshumaa taratibu bila kupuliza kwa nguvu, kisha peleka njiti ya kiberiti iliyowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda, sentimita mbili tatu juu ya utambi. Mwali utashuka wenyewe hadi utambini. Ule moshi ni nta iliyogeuka mvuke, na mvuke ndio unaoungua siku zote. Joto la mwali huyeyusha nta, uzi unaivuta juu, joto linaifanya mvuke, mvuke unawaka. Utambi hapo ni bomba. Ukiwa mwembamba kuliko nta inavyohitaji, mwali unakosa chakula. Ukiwa mnene, mwali unavimbiwa na kutoa masizi.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 tambi zilikuwa uzi uliosokotwa tu. Zilibaki wima katikati ya mwali, zikarefuka na kutoa moshi, na kila nyumba yenye mishumaa ilikuwa na mkasi maalumu wa kuzipunguza kila baada ya muda. Mfaransa aliyeitwa Cambacérès, miaka ya 1820, aliamua kuusuka utambi. Uliosukwa hujikunja unapoungua, ncha yake ikatoka kwenye ukingo wa mwali kuliko na hewa ya kutosha, na ikateketea yenyewe. Ugunduzi mdogo, na mikasi ile ikawa pambo. Tambi karibu zote za pamba zinazouzwa leo zimesukwa, nyingine bapa, nyingine za pembe nne, nyingine zina kiini cha karatasi au cha zinki ili zisimame wima. Zamani kiini kingine kilikuwa risasi. Marekani iliupiga marufuku utambi wa namna hiyo mwaka 2003. Ukikutana na utambi wa zamani wenye waya laini wa kijivu unaochora karatasi kama penseli, utupe.

Je, utambi wa kibatari au wa jiko la mafuta ya taa unafaa? Kwa kawaida haufai. Umetengenezwa kunyonya mafuta mepesi, na ndani ya nta nzito mwali wake unadumaa. Uzi wa pamba wa dukani unaweza kufaa ukiusuka mwenyewe nyuzi tatu tatu, mradi uwe pamba kweli. Choma ncha yake: pamba inaacha majivu yanayosagika kwa vidole, ilhali wenye nailoni au poliesta unajikusanya kuwa kishanga kigumu chenye harufu ya plastiki. Wachache watakaofika mbali zaidi huuloweka uzi huo kwenye maji yenye chumvi na boraksi, kisha wakauanika siku nzima, ili majivu yake yasijazane nchani.

Kwa vyovyote vile, utambi lazima unyweshwe nta kabla ya kuusimamisha. Utumbukize kwenye nta iliyoyeyuka uangalie. Vipovu vidogo vitaanza kupanda, vingi mwanzoni, kisha kimoja kimoja: hiyo ni hewa iliyokuwa kati ya nyuzi inatoka na nta inachukua nafasi yake. Vikikoma, utoe, unyooshe kwa vidole ungali wa moto, uulaze kwenye karatasi. Baada ya dakika chache ni mgumu na umenyooka. Anayeruka hatua hii atapata mshumaa unaokataa kuwaka mara ya kwanza.

Kuhusu unene, jedwali la muuzaji linakupa pa kuanzia tu. Nta ya nyuki ikiyeyuka inakuwa nzito, kwa hiyo inataka utambi mnene kuliko parafini kwenye bilauri ileile, na uliosukwa pembe nne unaifaa zaidi. Nazi ikiongezwa inaipunguza uzito, na utambi uliokuwa sawa jana unakuwa mkubwa leo. Ndiyo maana anayebadilisha nta, utambi na harufu siku moja hatajua nini kimefanya nini. Badilisha kimoja. Andika kwenye karatasi, ubandike chini ya bilauri.

Kisha washa mshumaa ukae nao. Hesabu inayotumiwa na wengi ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za kipenyo, hivyo bilauri ya sentimita saba na nusu inapewa saa tatu hivi dimbwi la nta lifike ukutani. Likifika baada ya saa moja tu, bilauri haishikiki na mwali unarukaruka, punguza utambi. Kama baada ya saa nne bado kuna ukuta mnene wa nta pembeni na mwali umezama shimoni, ongeza. Angalia na ncha: ikifanya uyoga mweusi, utambi unavuta nta kuliko unavyoweza kuiteketeza, au harufu imezidi. Kabla ya kuwasha tena, ukate ubaki milimita sita.

Wengi hukosea kwa kuhukumu saa za mwanzo. Ukuta mwembamba wa nta juu ya bilauri mara nyingi ni dalili njema, si mbaya, hasa bilauri ikiwa na kina. Mwali ukishuka chini, kioo kinafungia joto, hewa inapungua, na nta iliyobaki juu inayeyuka yenyewe. Utambi unaosafisha bilauri vizuri mno siku ya kwanza ndio unaoipasua siku ya mwisho. Kwa hiyo jaribio ni la kuunguza mshumaa mzima, saa nne kwa wakati mmoja, hadi ibaki nta ya sentimita moja chini, uache hapo. Linachosha na linakula nta. Hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Vifuu vya nazi vinavyopendwa na watalii navitazama kwa wasiwasi kutokana na hilohilo. Vinapendeza kwenye picha, lakini kifuu ni kuni. Anayevitumia aweke kikombe kidogo cha bati ndani yake.

Hapo sasa harufu. Pwani tuna mazoea yetu: udi na ubani kwenye chetezo, asumini, mlangilangi, mrehani, nguo zinafukizwa, nyumba inafukizwa, mgeni anaijua sherehe kabla hajafika mlangoni. Pua iliyolelewa hivyo hudai mshumaa ufanye kazi ya chetezo, na hauwezi. Chetezo kinaweka udi juu ya kaa la moto. Mshumaa unatoa harufu yake zaidi kwenye dimbwi la nta lililo chini ya mwali, lenye joto la wastani. Anayejaribu kufidia tofauti hiyo kwa kumwaga manukato zaidi anaishia na mshumaa unaotoka jasho la mafuta juu na utambi ulioziba. Soya na parafini nyingi hubeba asilimia 6 hadi 10 ya manukato kwa uzito. Nta ya nyuki hubeba pungufu ya hapo, na nikiivusha asilimia 5 huwa naijutia pesa. Kwa uzito, nasema, kwenye mizani ya jikoni, kwa kuwa kijiko cha mafuta ya chungwa na kijiko cha mafuta ya karafuu havilingani uzito. Bilauri inayochukua mililita 200 za maji itachukua gramu 180 hivi za nta, kwa sababu nta ni nyepesi kuliko maji. Asilimia 6 ya gramu 180 ni karibu gramu 11.

Marashi ya kunyunyiza hayafai hata kidogo: ni spiriti, haichanganyiki na nta, na juu ya jiko ni hatari. Maji ya waridi hayafai pia, yatazama chini na kufanya utambi utatarike. Mafuta ya uturi yasiyo na spiriti yanaweza kufaa, lakini mengi yalitengenezwa kwa ngozi, na ughali wake hautokezi kwenye moto.

Kinachonivutia mimi ni vya kwetu. Pemba, kwenye kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, hukamuliwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ndiyo inayoipa karafuu ukali wake. Ni mazito kuliko maji, yanawasha ngozi, na yanalainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo pima kwenye kikombe cha kioo na uvae glovu. Asilimia moja tu ndani ya nta ya nyuki yenye nazi inatosha, ikisindikizwa na mchaichai kidogo wa kuichangamsha. Moshi ule wa mzinga, ambao kwa vanila ulikuwa kero, kwa karafuu unakaa mahali pake. Ila kuzichomeka punje za karafuu zenyewe juu ya nta, au vijiti vya mdalasini na petali za waridi, ni kuupa mshumaa tambi za ziada. Zikikauka na kulowa nta zinashika moto, na bilauri nzima inawaka.

Kuna kanuni nyingine inayorudiwa vibaya. Kila manukato yana kiwango cha joto ambacho mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na mwali. Kwa mafuta ya chungwa ni chini ya nyuzi 50. Watu hulielewa hilo kuwa nta ikiwa na joto zaidi ya hapo harufu inapotea, kwa hiyo wanasubiri nta ipoe hadi inaanza kuganda, na manukato yanabaki mabonge mabonge. Kiwango hicho ni cha usalama wa moto. Kinachotakiwa ni kuzima jiko kwanza, kisha kutia manukato nta ingali nyepesi. Soya wengi huitia ikiwa kwenye nyuzi 75 hadi 85, wakakoroga polepole dakika mbili. Baada ya kumimina, soya inataka wiki moja au mbili kabla ya kuwashwa ili harufu ikae. Parafini haisumbui kiasi hicho.

Nta isiwekwe motoni moja kwa moja. Sufuria ndani ya sufuria lenye maji, kipimajoto ndani, mtu asiondoke. Ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Maji yasisogee, yatairusha nta inayowaka hadi darini.

Swali linaloulizwa sana na wanaoanza kuuza ni kama mshumaa uliofaulu Dar utafaulu Mbeya au Nairobi. Mara nyingi haufaulu hivihivi. Chumba kikiwa na nyuzi 16 badala ya 30, dimbwi la nta linapungua upana, na utambi uliokuwa sawa pwani unachimba shimo katikati. Wenye wateja wa pande zote mbili huishia kuwa na namba mbili za utambi kwa bilauri moja, wakaandika kwenye lebo mzigo ni wa bara au wa pwani. Anayeanza aitengee gharama hiyo fungu kabla hajalipia boksi la bilauri za rangi ya dhahabu.